Jinsi aikoni moja ya saa ilivyokaribia kumnyima mwanafunzi mkopo wa chuo

ILIKUWA Jumamosi mwendo wa saa nane mchana, na saiba ilikuwa imejaa hadi mlangoni.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nikawa nasubiri kuitwa chuo. Mama mmoja mtaani kwetu Nakuru alinipa kibarua cha kusimamia kompyuta zake sita. Mshahara ulikuwa wa kujikimu tu, lakini heshima ilikuwepo. Kila mtu aliniita "mtu wa kompyuta", nami nikaamini kwamba kweli nazijua.

Msichana mmoja akaingia na bahasha ya kaki mkononi. Alikuwa ametoka Subukia kwa matatu ya asubuhi. Alitaka kukamilisha ombi la mkopo wa HELB, na siku ya mwisho ilikuwa Jumapili saa sita usiku. Nilimtolea nakala ya kitambulisho, akanilipa kwa M-Pesa, kisha nikamketisha kwenye kompyuta nambari nne.

Dakika chache baadaye akaniita.

"Bro, hii kitu inakataa."

Skrini ilikuwa nyeupe, ina alama ya hatari na maandishi ya Kiingereza. Nilikuwa na foleni ya watu wanne waliotaka kuchapisha karatasi, kwa hivyo sikusoma. Nikamwambia kile ambacho wengi wetu wa saiba husema tukikosa jibu: "Ni mtandao wao umelala. Jaribu kesho."

Akachukua bahasha yake akaenda zake.

Saa kumi na mbili jioni, mteja mwingine aliketi pale pale nambari nne akitaka kufungua barua pepe. Onyo likawa lile lile. Safari hii saiba ilikuwa imetulia, nikainama nikasoma. Lilisema saa ya kompyuta iko nyuma. Nikatupa macho kona ya chini kulia. Tarehe ilikuwa ya miaka sita iliyopita!

Nilihisi moyo ukishuka hadi tumboni. Mtandao wa HELB haukuwa umelala. Kompyuta yangu ndiyo iliyokuwa imelala, na mimi pamoja nayo.

Kilichotokea

Nilikuja kujua baadaye kwamba kabla ya saa sita, kijana wa kidato cha pili alikuwa ameketi pale na mchezo wa majaribio, ile aina ambayo muda wake ukiisha inakudai pesa. Alisikia kwa marafiki kuwa ukirudisha tarehe nyuma, mchezo unadhani muda haujaisha. Akabofya saa, akafungua ukurasa wa tarehe, akarudi miaka sita. Alicheza, akalipa shilingi zake, akaondoka bila kurekebisha chochote. Wala simlaumu. Mlango ulikuwa wazi.

Kwa nini tarehe tu izuie tovuti? Kila tovuti salama hubeba cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza kutumika na tarehe ya kuisha. Kivinjari hulinganisha cheti hicho na tarehe ya kompyuta yako. Kompyuta ikidai kwamba tuko miaka sita nyuma, kivinjari huona cheti ambacho "hakijaanza" kutumika, kikashuku kuna utapeli na kufunga mlango. Hakina kosa. Kimedanganywa na saa.

Namba ya msichana ilikuwa bado kwenye ujumbe wa M-Pesa. Nikampigia, simu imezimwa. Nikampigia tena saa tatu usiku, ikawa vivyo hivyo. Usiku ule sikulala vizuri. Jumapili saa moja asubuhi simu ikaita, nikamweleza ukweli. Mdosi alikuja mwenyewe na funguo, akatufungulia saiba siku ambayo kwa kawaida hatufungui. Kufikia saa tano asubuhi ombi lilikuwa limeenda. Mdosi alikataa kuchukua hata shilingi moja, kisha akanigeukia na kuniuliza swali ambalo bado nalikumbuka: "Na huyo mtoto, nani alimruhusu kushika saa yangu?"

Sikuwa na jibu. Hakuna aliyemruhusu, na hakuna aliyemkataza. Kompyuta zote sita zilikuwa zinaonyesha kila aikoni ya mipangilio kwa kila mtu aliyeketi.

Kutoka sungura na kobe hadi kurasa mia

Aikoni za mipangilio zilianza kwa nia njema. Kompyuta ya Macintosh ilipozinduliwa na Apple Januari 24, 1984, paneli yake ya mipangilio ilikuwa kidirisha kimoja kidogo. Michoro yake ilikuwa kazi ya msanii Susan Kare, na hata kasi ilionyeshwa kwa picha za sungura na kobe. Ungeielewa hata kama hujui kusoma Kiingereza. Mwaka uliofuata, Novemba 20, 1985, Microsoft ikatoa Windows ya kwanza, nayo ikiwa na Control Panel yake.

Dhana ilikuwa kwamba kompyuta ni ya mtu mmoja, iko mezani kwake, na akitaka kubadilisha saa au sauti abadilishe. Lakini hapa kwetu kompyuta moja huguswa na watu thelathini kwa siku. Kwenye saiba, maabara ya shule, maktaba ya kaunti, ofisi ya kanisa au hata sebuleni kwa mama mwenye watoto wanne, anayeketi si mwenye mashine.

Kisha mambo yakaongezeka. Mwaka wa 2012 Windows 8 ilileta ukurasa mpya wa mipangilio bila kuiondoa ile Control Panel ya zamani. Windows 10 ya 2015 ikaupanua ukurasa huo kuwa programu kamili ya Settings, na hata kwenye Windows 11 ya 2021 zote mbili bado zipo. Yaani nyumba ina milango miwili. Ukifunga mmoja ukasahau mwingine, hujafunga kitu.

Anza na akaunti, si aikoni

Jumatatu yake niliketi na mdosi tukapanga upya. Kosa letu la kwanza halikuwa hata la aikoni. Wateja wote walikuwa wakitumia akaunti ya msimamizi isiyo na nywila, ambayo huruhusu kila kitu.

Kwa hivyo kabla hujaficha aikoni yoyote, tengeneza akaunti mbili. Moja ni ya msimamizi yenye nywila unayoijua wewe na mdosi pekee. Ya pili ni ya kawaida, ndiyo ya wateja. Mtu aliye kwenye akaunti ya kawaida akijaribu kubadilisha tarehe, Windows humwomba nywila ya msimamizi. Akijaribu kusakinisha programu ya kompyuta nzima, hali ni hiyo hiyo. Hatua hii peke yake ingemzuia yule kijana wa kidato cha pili.

Kwa nini basi ujisumbue na aikoni? Kwa sababu akaunti ya kawaida bado inaruhusu mengi: kubadilisha picha ya skrini, rangi na mpangilio mzima wa mwonekano, hata saa za eneo. Tena mtu anayeona aikoni atabofya tu, hata kama hana nia mbaya. Kila kidirisha cha nywila kinachojitokeza ni mteja anayekuita, na foleni inasimama.

Aikoni ziko sehemu tatu

Ya kwanza ni skrini yenyewe ya mwanzo. Bofya kulia mahali patupu, chagua "Personalize", nenda "Themes", kisha "Desktop icon settings". Utaona visanduku vitano: kompyuta, faili za mtumiaji, mtandao, pipa la taka na Control Panel. Palipo na alama, aikoni inaonekana. Sisi tuliacha pipa la taka peke yake, maana wateja hufuta vitu kwa bahati mbaya kisha wanakimbilia kwetu.

Ya pili ni kona ya chini kulia, karibu na saa. Ingia "Personalization", kisha "Taskbar". Hapo unachagua aikoni zipi zikae wazi na zipi zijifiche. Sauti na mtandao tuliziacha wazi. Saa nayo tuliiacha, ingawa ndiyo iliyotuletea balaa. Mteja wa saiba analipa kwa dakika, na ukimfichia saa atadhani unamwibia.

Ya tatu ndiyo yenye uzito: kurasa zilizo ndani ya Settings na vitu vilivyo ndani ya Control Panel. Hapa unahitaji Windows ya Pro, Enterprise au Education. Ingia kwa akaunti ya msimamizi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika gpedit.msc. Fuata njia hii: "Computer Configuration", "Administrative Templates", "Control Panel", kisha "Settings Page Visibility". Sera hii ilikuja na toleo la Windows 10 la mwaka wa 2017. Iwashe, kisha kwenye kisanduku andika unachotaka kwa mojawapo ya namna mbili.

Namna ya kwanza ni kuficha chache na kuacha zingine zote:

hide:dateandtime;appsfeatures

Hapo umeficha ukurasa wa tarehe na ule wa programu zilizosakinishwa. Majina hutenganishwa kwa nukta mkato.

Namna ya pili ni kinyume chake, yaani kuonyesha chache na kuficha zingine zote:

showonly:bluetooth;display

Kwa upande wa Control Panel, rudi kwenye "User Configuration", halafu fuata njia ile ile ya "Administrative Templates" na "Control Panel". Utakuta sera mbili zenye mantiki iyo hiyo: moja huficha vitu ulivyovitaja, nyingine huonyesha ulivyovitaja pekee. Majina yake ni tofauti kidogo. Tarehe, kwa mfano, huandikwa Microsoft.DateAndTime.

Kama mashine yako ina Windows ya Home, gpedit haimo. Sera ya Settings inaweza kuandikwa moja kwa moja kwenye rejista ya Windows kupitia regedit, lakini hapo nenda polepole. Hifadhi nakala ya rejista kwanza. Ukifuta kisichofutika, kompyuta inaweza kugoma kuwaka, na mdosi hatakuelewa ukimwambia ulikuwa unaficha aikoni.

Kosa langu la pili

Hadi hapo unadhani nilishakuwa fundi. Nami nilidhani hivyo, na ndipo nikapitiliza.

Nilipenda sana ile namna ya pili. Nikaandika kurasa tatu tu za kuonekana, zingine zote nikazizima kwenye kompyuta zote sita. Zilikuwa safi, hakuna pa kuharibu. Mdosi akafurahi, nami nikatembea mabega juu.

Wiki mbili baadaye akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, kujaza ritani zake za KRA. Hakutaka kujaziwa. Alijua kutumia kompyuta vizuri kuliko vijana wengi. Tatizo lilikuwa macho.

"Kijana wangu, niongezee hizi herufi kidogo," akaniambia.

Nikafungua Settings. Ukurasa wa kukuza maandishi haukuwepo, nilikuwa nimeuficha. Nikaingia kwa akaunti yangu ya msimamizi, nako haukuwepo. Nilikuwa nimeandika sera kwenye "Computer Configuration", ambayo hugusa kila mtu anayetumia mashine ile, hata mimi mwenyewe. Watu walikuwa wakingoja, na sikuwa na utulivu wa kukumbuka nilipoandika nini.

Basi mzee akalazimika kunisomea mimi. Alitaja PIN yake na nywila yake kwa sauti, nami nikaandika, huku watu watano wakiwa nyuma yetu. Mwalimu aliyefundisha nusu ya mtaa alikuwa anatangaza siri zake kama bei ya nyanya sokoni, kwa sababu nilikuwa nimeficha kitufe alichokihitaji. Alishukuru, akalipa, akaenda. Sikumbuki kama alirudi tena.

Msichana wa Subukia aliumia kwa sababu nilionyesha kila kitu. Mzee aliumia kwa sababu nilificha kila kitu. Usipande juu ya kompyuta ya watu ukiwa na swali la "ninaweza kuficha nini?" Uliza, "Nani ataketi hapa, na atahitaji nini bila kuniita?"

Siku hizi nikipanga mashine ya umma naacha wazi kurasa za kuona na kusikia, ukiwemo ule wa kikuzaji, ambao kwenye orodha unaitwa easeofaccess-magnifier. Naacha pia sauti. Na ninabandika karatasi ndogo ukutani yenye njia ya mkato ambayo mzee yule angeifurahia: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, na kikuzaji kitajitokeza.

Kuficha si kufunga

Kuna jambo lingine ambalo vijana wengi hujidanganya nalo. Aikoni iliyofichwa haijafungwa kwa kufuli. Anayejua anaweza kuandika jina la kifaa cha zamani cha Control Panel na kikafunguka kwa mlango wa nyuma. Kinachomzuia hapo ni ile akaunti ya kawaida, si kutoonekana kwa aikoni. Fikiria pazia na mlango. Pazia huzuia macho, mlango ndio huzuia mtu. Unahitaji vyote viwili.

Hili ni zito zaidi kwa faili za wateja. Tazama skrini ya saiba yoyote mwisho wa siku. Utakuta nakala za vitambulisho, vyeti vya KCSE, barua za kazi, hata picha za pasipoti za watu wasiojuana. Kuna wanaobofya kulia, wakaenda "View" na kuondoa alama kwenye "Show desktop icons". Ghafla skrini inakuwa safi, wanaridhika. Lakini hakuna hata faili moja iliyoondoka. Zote ziko kwenye folda ile ile, na yeyote anayejua pa kutazama atazipata.

Kumbuka Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka wa 2019. Kitambulisho cha mteja wako ni data yake, si pambo la skrini yako. Futa faili hizo kila jioni, kisha mwaga na pipa la taka. Kuficha hakutoshi.

Kabla hujaanza

Kama kuna kompyuta unayoisimamia, chukua daftari kabla ya kugusa chochote. Andika mashine ni ipi, sera ipi uliyoibadilisha, ilikuwaje mwanzo na uliandika maneno gani. Mimi ningekuwa na daftari hilo, ningemrudishia mzee herufi zake kwa dakika mbili.

Jaribu kwa mashine moja kwanza, na uijaribu ukiwa kwenye akaunti ya mteja, si yako. Keti kwenye kiti chake. Jaribu kuchapisha, kuongeza sauti, kukuza herufi, kubadilisha tarehe. Mambo matatu ya kwanza yafaulu na la nne likatae. Hapo umefanya kazi.

Na usifiche ukurasa wa masasisho kisha ukausahau. Microsoft iliacha kutoa usaidizi wa kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za saiba na shule bado zinatumia toleo hilo. Mteja hana haja ya kuuona ukurasa huo, ila wewe ni lazima uufungue mara kwa mara.

Hii ni kazi ambayo kijana anaweza kuianza bila mtaji. Zunguka mtaani, uliza mwenye saiba, mwalimu wa kompyuta au katibu wa kanisa kama mashine zao zina akaunti mbili. Wengi watakuambia hawajui. Mpangie moja bure aone, na hizo zingine mzungumze bei.

Msichana wa Subukia alinitumia ujumbe mfupi miezi kadhaa baadaye. Alikuwa amepata mkopo na yuko chuoni, anasomea ualimu. Nilimjibu kwa hongera. Sikumwambia kwamba siku ile ile nilikuwa nimeketi mbele ya kompyuta nambari nne, nikibofya saa kwa akaunti ya mteja ili nione kama itakataa.

Ilikataa.